Ng'ambo ya Mto

Siku Torvald, kaka yangu, alipotutoka, barafu ilikuwa imefunga daraja la kwenda jimbo la Washington, ng'ambo ya mto. Kila Alhamisi alilivuka, akaegesha gari na kumpigia simu mwanasaikolojia wake, maana leseni ya mama yule ilimruhusu kumhudumia mtu aliye Washington tu, si kwetu Oregon.

Siku hiyo alipiga akiwa jikoni kwangu, simu ikiwa kwenye spika.

"Leo uko wapi, Torvald?" mwanasaikolojia aliuliza, kama sheria inavyomtaka.

"Sema Washington," nikamnong'oneza.

Torvald akaondoa utando wa maziwa kikombeni, taratibu, kwa kijiko. "Niko Oregon."

"Pole sana. Basi leo siruhusiwi."

Akakata simu, akanicheka. "Wewe dada, uwongo huuwezi hata wa kunong'ona." Akachukua ufunguo. "Ngoja nikatafute daraja jingine."

Hakurudi. Sasa kila Alhamisi navuka mimi, nampigia mwanasaikolojia yule. Akiniuliza niko wapi, namjibu: Washington.