Nyuzi Kwenye Gundi

Mgeni aliingia kwenye karakana ya kuchapa nguo bila kubisha hodi, amekumbatia shali iliyochakaa.

“Fundi, hii ni ya marehemu mama yangu. Nichapie jina lake pembeni. Ila nakuomba, hata uzi wake mmoja usipotee.”

“Usiwe na shaka, dada,” alisema Makame, upesi, kama mtu ambaye tangu asubuhi hakuwa amesemeshwa na yeyote.

Alipangusa ubao wa kuchapia kwa kitambaa kibichi ili gundi ya maji inayoshikilia nguo inate tena, akatandaza shali, akachapa. Alipoibandua, aliinama kuutazama ubao. Nyuzi nyekundu za sufu zilikuwa zimebaki kwenye gundi, mzima mzima.

Siku nyingine angepangusa tu, akaendelea na fulana za harusi zilizotakiwa alasiri hiyo. Akiikwangua gundi, itabidi apake mpya na kusubiri ikauke, na nje mvua ilikuwa inanyesha.

“Si kitu, fundi,” mgeni alisema kwa sauti ndogo. “Ni vumbi tu.”

“Vumbi gani, dada? Huyu si mama?”

Akaikwangua gundi polepole, ikatoka kama ngozi, nyuzi zikiwa ndani yake. Wino wa shali ulipokauka, akampa vyote viwili, shali na ile gundi yenye nyuzi. Mgeni akavipokea kwa mikono miwili, akaondoka.

Makame akapaka gundi mpya, nyembamba. Simu ya wenye harusi ikaita; akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Akaigusa gundi kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imeanza kunata. Ikamshika kidogo, naye hakufanya haraka kujitoa.