Zamu Yangu

Theluji ikianguka, sisi Waladakh wa milimani tuna sheria moja: kwenye kila rundo la mawe ya sala, mwendesha pikipiki humwachia usukani mwenzake aliyepakiwa nyuma, upepo usimtafune mmoja tu.

Tulipofika rundo la pili, shemeji yangu Tundup, aliyeshika usukani tangu la kwanza, alipunguza mwendo ili tubadilishane. Nikalaza shavu mgongoni kwake, nikajitia kukoroma.

Akapitiliza. La tatu pia.

Nyumbani, vidole vyake vilikataa kuachia usukani. Nikavibandua kimoja kimoja, vyeupe, vigumu kama kuni.

"Shemeji," alininong'oneza, "siku nyingine ukikoroma, fumba macho. Kioo kinaona."

Mke wangu akatoka na maji ya vuguvugu, akaviona vidole vya kaka yake.

"Kwani hamkupokezana?"

"Kila rundo, dada," akajibu Tundup.

Mke wangu akanigeukia, akaishika mikono yangu. Ilikuwa na joto.