Kofia ya Siku Saba

Kila muuguzi wa zahanati lazima avae kofia ya usahaulifu kwa siku saba, ili ayaonje mwenyewe maisha ya wazee waliopoteza kumbukumbu kabla hajaanza kuwahudumia. Nyumbani kwake hupewa sharti moja tu: msimsahihishe.

Ambokile alilishika sharti hilo tangu Jumatatu. Mkewe, Tulinagwe, muuguzi mpya aliyevaa kofia hiyo, alipotia chumvi kwenye chai, Ambokile aliinywa yote. Mkewe alipouliza choo kiko wapi, alimshika mkono akampeleka.

Jumatano mkewe akauliza, "Baba Lusajo, mbona mtoto harudi?"

Lusajo walimzika miaka miwili iliyopita. Ambokile akajibu:

"Yuko kwa bibi yake."

Basi Tulinagwe akaanza kuimba jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Akashona kifungo cha shati la shule. Kila mchana akampakulia mtoto ndizi kwenye sahani yake ya bluu, akaifunika.

Jumapili asubuhi, zikiwa zimebaki saa mbili kofia ivuliwe, Ambokile alimpigia simu mkufunzi wa wauguzi.

"Mwacheni nayo wiki moja zaidi, dada yangu. Nakuomba. Mkiivua atafiwa upya."

"Pole, kaka. Karibu kila nyumba inaomba hivyo. Kesho kofia inakwenda zahanati nyingine."

Alipogeuka, Tulinagwe alikuwa amesimama mlangoni, amevaa viatu, shati la shule limekunjwa vizuri mkononi.

"Tumpitie Lusajo kwanza," alisema, "ndipo twende nikaivue."

Ambokile akainama, akaanza kuvaa viatu vyake.