Nani Atamwosha Baba

Siku hizi kila kifo kinatiliwa shaka, na maiti haizikwi mpaka wataalamu wote wakubaliane. Mama alifia usingizini. Dada yangu Mwanahamisi akamwosha kabla hawajafika, kama mama alivyomwosha bibi.

Daktari wa maiti alisema moyo ulisimama wenyewe. Mpima sumu hakuona sumu. Mtaalamu wa alama za vidole ndiye aliyegoma, maana hakukuta alama hata moja mwilini.

"Nani amezifuta?"

"Tumemwosha, bwana. Kwani kwenu maiti haioshwi?"

"Kwetu tunasubiri."

Sasa mama yuko kwenye jokofu lao na Mwanahamisi yuko rumande. Baba naye amezidiwa. Leo ameniuliza kama nitamwosha mimi mwenyewe, nikajifanya sikusikia.