Wimbo wa Shoro

Shoro, kile kindege cha mafunjoni, walikuwa wamebaki wachache mno, na sheria haikuwa na mjadala: mnara wa kunasa sauti ukimsikia akiimba karibu na nyumba, wenye nyumba wanahama siku hiyohiyo kumpisha. Kokushubira aliishi roho mkononi. Kila asubuhi alitwanga kinu kitupu, kishindo kiumeze wimbo uliotoka nyuma ya jiko lake.

Leo mumewe, Rwegasira, alirudi ameloa hadi kiunoni, kiganja kimejaa manyoya ya njano.

“Tua mchi, Mama Kemi. Haimbi tena.”

Kimya. Kokushubira akashusha pumzi.

Ndipo Kemi, mtoto wao aliyekua akiusikia wimbo ule tangu tumboni, akauanza, sauti ileile ya shoro.

Rwegasira akamrukia, akamziba mdomo kwa kiganja kilekile.