Mvua ya Leo, Si ya Jana

"Bati," Kinyozi aliandika. "Bati jembamba, na chini yake kuna ndoo."

Fundi alicheka peke yake mbele ya cherehani. Ndoo ilikuwepo kweli, miguuni pa kitanda, ikipokea matone ya dari. Sauti yenyewe alikuwa ameituma dakika moja tu iliyopita.

Hivyo ndivyo walivyopiga soga siku za mvua. Kundi lao la simu liliitwa Barazani. Mvua ikimnyeshea mmoja wao, alirekodi sekunde kumi bila kusema neno, akawatumia wenzake wabahatishe paa: bati, vigae, zege, turubai. Sheria zilikuwa mbili. Mvua iwe ya leo, si ya jana. Na mtu asitaje jina lake wala mji wake; lakabu ilitosha.

Sheria hiyo ya pili aliiweka Fundi mwenyewe, siku alipolianzisha kundi. Alikuwa na mume aliyemvunja mkono kwa kuubana mlangoni. Alipotoroka na binti yake na kichwa cha cherehani, mume alimtumia salamu kupitia kwa dada wa Fundi: hata akijificha kwenye tundu la sindano, atampata. Mwaka ulikuwa umepita. Barazani walijua kwamba alimkimbia mtu, basi. Hawakuuliza zaidi, na kwa hilo aliwapenda.

"Mkono umeanza," aliandika. "Mvua na mfupa wangu havipatani."

"Pole, mwanangu," alijibu Bibi Maua. "Ukande kwa kitambaa cha moto, hapo kiwikoni, kushoto. Na mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo, bibi. Anamwaga vifungo vyangu tu."

Bibi Maua alikuwa na miezi miwili Barazani. Koo lilimsumbua, kwa hiyo aliandika tu, na kwake hakukunyesha kamwe. Lakini alikuwa na sikio! Mapaa ya wenzake aliyabahatisha bila kukosea hata moja. Fundi, aliyemzika mama yake akiwa bado msichana, alikuwa ameanza kuamka asubuhi na kuitafuta salamu yake kabla ya kuwasha jiko.

"Bibi, kwani unaishi kwenye kikaango?" Dereva alitania. "Miezi miwili hata tone!"

"Nicheke tu, mjukuu. Mwenye kiu haoni haya kusikiliza maji ya jirani."

Kinyozi alituma vicheko. Dereva hakucheka. Aliandika:

"Fundi, nimeirudia sauti yako. Nyuma ya mvua kuna treni, na kuna msumeno wa mbao. Mji wa namna hiyo naujua, nimeupita na lori mara nyingi."

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio. Dirishani, ng'ambo ya reli, kiwanda cha mbao kilikuwa kinakoroma kama kila siku. Alisimama, akalifunga dirisha, akateremsha komeo la mlango.

Simu ililia. Bibi Maua alikuwa amemwandikia pembeni, yeye peke yake.

"Mwanangu, huyo anakuchimba. Mwanamume haulizi treni bure. Mtoe."

"Bibi, tumekuwa naye tangu mwanzo."

"Nyoka hana mwanzo. Una mtoto hapo. Mtoe sasa hivi."

Skrini ilionyesha kwamba Dereva bado anaandika. Fundi aliukumbuka utani wake wa mwaka mzima, na ile siku binti yake alipougua homa, Dereva akakesha akimwandikia visa vya barabarani ili asisinzie. Machozi yalimlengalenga. Hakungoja amalize. Alibonyeza jina lake, akamtoa.

"Jamani, Dereva kakosa nini?" Kinyozi aliuliza. Baadaye akaaga, mteja alikuwa ameshakaa kitini.

Walibaki wawili.

"Umefanya vyema," aliandika Bibi Maua. "Najua inauma. Sasa tulia, ushone. Nina zawadi yako leo: na mimi nimefikiwa na mvua. Ngoja nikurekodie."

Fundi alitabasamu huku akijifuta pua kwa mkono wa gauni. Mwili ulimlegea, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alirudi kwenye sare ya shule iliyokuwa inangoja kola. Kanyagio halikuwa limeonja mafuta tangu mwezi uliopita, na kila alipolikanyaga lilipiga kelele kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Juu ya mlango, kipande cha bati kilichong'oka msumari kilipigwapigwa na upepo: ta, ta-ta. Alikuwa akisema kila wiki kwamba atamwita mtu akipigilie. Binti yake alikuwa ameshachutama kando ya ndoo, kiganja kimejaa vifungo, akivitumbukiza kimoja kimoja.

"Wewe, acha kuchezea vifungo," alimwambia bila kugeuka.

Alimaliza upande mmoja wa kola. Simu ikalia.

Aliichukua, akaibana sikioni kama wafanyavyo wote Barazani, akafumba macho ili abahatishe vizuri. Kwa bibi yake hakutaka kukosea.

Bati. Bati jembamba, na mvua yenyewe nzito, ya karibu. Halafu kitu kilichogonga: ta, ta-ta. Halafu, chini ya mvua, kifaranga akalia, akanyamaza, akalia tena.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, hafifu, kutoka upande wa pili wa mlango: "Wewe, acha kuchezea vifungo."