Winchi ya Kukwama Katikati

"Ipi kati ya hizi inachoka mapema?" mama mmoja aliuliza.

Msichana wa dukani alidhani hakusikia vizuri. Winchi za umeme, mashine za kuvuta vitu vizito kwa waya, zilikuwa nne juu ya kaunta, zimepangwa kwa ukubwa. Wateja wote aliowahi kuwahudumia huulizia yenye nguvu, kisha huulizia bei, kisha hukohoa.

"Unataka iliyo nafuu, mama?"

"Nafuu, sawa. Lakini nijibu nilichouliza."

Msichana hakutaka kukosea tena. Wiki iliyopita winchi aliyoiuza ilirudishwa na mteja aliyefoka mpaka mtaa wa pili wakasikia. Tajiri wake, ambaye sasa hivi alikuwa nyuma ya pazia la stoo akifyonza chai, alimwambia maneno machache tu: "Ikirudi nyingine, utaondoka nayo." Na nyumbani watu watano walikula kwa mshahara wake huo mdogo.

Basi akaanza kwa upole, kama alivyofundishwa.

"Mtapakia nini kwenye trela?"

"Magari madogo yaliyozimika njiani. Tunayafuata, tunayapeleka gereji."

"Kwa hiyo gari haliwaki, pengine na tairi hazina upepo. Hapo chukua hii ya tatu. Rimoti yake ina waya mrefu. Mtu anasimama kando, anabonyeza, gari linapanda trela lenyewe."

"Mtu mmoja?"

"Peke yake kabisa. Hata akiwa na kikombe cha chai mkononi."

Mama aliisukuma ile ya tatu kwa kidole, kama mgonjwa anayesogeza sahani.

"Na hii ndogo?"

Ilikuwa pacha ya ile iliyorudishwa, mpaka rangi.

"Hiyo ni ya pikipiki, mama."

"Nikiifunga kwenye gari?"

"Itaanza vizuri. Magurudumu ya mbele yatapanda. Ya nyuma yakifika kwenye mwinuko, itanguruma, itanguruma, basi. Gari litagoma katikati kama mbuzi."

"Halitarudi nyuma likamponda mtu?"

"Hapana, breki yake nzuri. Haliendi, halirudi."

"Haliendi, halirudi," mama alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi. "Halafu?"

"Halafu mtatafuta watu wa kusukuma."

"Wangapi?"

"Wawili wenye nguvu zao. Mmoja hawezi. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Hawahitajiki watatu?"

"Wa tatu wa nini? Wawili wanatosha."

"Wanaweza kusukuma kimyakimya?"

Msichana alimtazama. Uso wa mama haukuwa na mzaha hata chembe.

"Kimya haiwezekani. Kila mtu atasukuma kwa wakati wake na gari halitajongea. Lazima mmoja ahesabu, mwenzake aitikie."

"Nifungie hii."

Msichana akainama juu ya kaunta, akashusha sauti ili pazia lisisikie.

"Mama, nakuomba, nisikilize kama mwanao. Rahisi ni ghali. Keshokutwa utairudisha, utanifokea, na mimi nitafukuzwa. Kama shida ni bei, hii ya pili imezidi kidogo tu."

"Bei si shida. Hela ya ile ya tatu ninayo. Tena ninayo mara mbili."

"Basi waite watakaoitumia waje wachague wenyewe!"

"Wako nje. Wakiingia humu hatununui kitu."

Nyuma ya pazia, chai ilinyamaza.

Msichana hakuwa mtu wa kubishana. Hata nyumbani, mdogo wake akimchukulia kiti, yeye husimama. Lakini hofu ya kukosa kazi ilimpa ujasiri. Akavuta kitabu cha risiti, akaandika chini ya bei, polepole, kwa mwandiko wa shule: *Mteja ameambiwa kuwa winchi hii haiwezi kupandisha gari. Mteja amekubali. Hairudishwi.*

Mama aliyasoma maneno yote akiyafuata kwa kidole.

"Hilo la mwisho liandike kwa herufi kubwa," alisema. "Wasije wakaja bila mimi."

Msichana akaandika: HAIRUDISHWI. Mama akatia sahihi. Tajiri akatoka na kikombe chake, akaisoma risiti mara mbili, akamtazama mama, akamtazama msichana.

"Haya," alisema, akarudi kwenye chai yake.

Msichana alibeba boksi hadi nje. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kando ya duka, trela nyuma yake. Kijana mmoja mwenye mabega mapana alikuwa kwenye usukani. Mwingine, sura ileile na mabega yaleyale, alikuwa amekaa ukingoni mwa trela, kaipa pikapu mgongo. Yule wa usukani alishuka, akapokea boksi.

"Ina nguvu hii, mama?"

"Muuzaji ameniambia kila kitu," mama akajibu.

Yule wa kwenye trela alishuka naye, akachukua mfuko wa nyaya, akauweka upande wa pili wa pikapu.

Msichana aliwatazama, roho ikamuuma. Risiti alikuwa nayo, kazi alikuwa nayo, lakini migongo ile ilikuwa ya watu. Akamshika mama mkono.

"Mama, bado hatujafunga mahesabu. Ngoja nikubadilishie. Hawa vijana watasukuma magari mpaka lini?"

Mama akamvuta kando, mbali na pikapu.

"Hao ni wanangu pacha," alisema. "Mwaka wa pili huu hawasemezani. Na kila mmoja amenipa hela kivyake, nimletee mashine itakayomwezesha kufanya kazi bila mwenzake."